Udaktari Kwenye Mstari wa Pili

Mwalimu alikuwa hataki kuitwa Mwalimu. Ukimwita hivyo anageuka nyuma, anaangalia kama kuna mtu mwingine ameingia, halafu anakuuliza, "Unaongea na nani?" Walimu, alisema, wana vyeti, na yeye cheti chake ni cha kuosha vyombo. Hakuwa anajidharau. Kweli alikuwa anaosha vyombo: mikasi, koleo na visu vya upasuaji, katika ghorofa ya chini kabisa ya hospitali kubwa, kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini Jumamosi saa nne asubuhi, katika chumba cha wapangaji chini ya jengo letu pale Husby, pembezoni mwa Stockholm, alikuwa akitufundisha hesabu na sayansi sisi watoto wa Kiafrika, na huko alikuwa Mwalimu, atake asitake.

Mimi nilisukumwa huko na mama nikiwa na miaka kumi na miwili, nimenuna, begi mgongoni. Mama ni mtu wa Tanga. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao, na kuhusu mimi alikuwa na wazo moja tu: Zuhura atakuwa daktari. Alilisema kwa majirani, alilisema kwa wazee aliokuwa akiwaogesha, alilisema kwenye simu na Tanga kwa sauti ya juu ili nisikie. Wallahi sikumbuki kama kuna siku niliulizwa. Ila baada ya mwaka mmoja au miwili ya hizo Jumamosi niligundua kwamba na mimi ninautaka huo udaktari, tena ninautaka mpaka basi, na aliyenitia hamu hakuwa mama. Alikuwa yeye.

Ilikuwa hivi. Siku moja alikuja na kuku mzima mbichi kwenye mfuko wa plastiki, akamlaza juu ya magazeti, akatoa kisu cha jikoni. Watoto wa Kikongo wakaanza kupiga kelele kabla hajakata chochote. Akafungua mguu wa kuku taratibu, akaivuta kano moja nyembamba nyeupe, na vidole vya kuku vikajikunja. Akaachia, vikakunjuka. "Wewe nnyabo," akaniambia, maana wasichana wote aliwaita hivyo, bibie, kama kwao Uganda, "hii vidole inafungwa na nani? Kuku amekufa jana." Akanipa kano nivute mwenyewe. Nilivuta labda mara ishirini. Wenzangu walishatoka kwenda kucheza, mimi bado navuta. Mchana akampika kuku huyo huyo, tukamla, na njiani kurudi nyumbani nilikuwa nakunja vidole vyangu na kuvikunjua, nimeshikilia kiwiko kwa mkono mwingine nisikilize kinachotembea ndani.

Kiswahili chake alikiokota Nairobi, alipokuwa mkimbizi, na mama alikuwa akikisikiliza uso umekunjamana kama mtu anayetolewa mwiba. Mwalimu alikuwa akisema anavyosema na mambo yanakwenda. Sisi watoto wenyewe kwa wenyewe tulikuwa tunaongea Kiswidi, na tukimjibu kwa Kiswidi yeye anaendelea na Kiswahili kama hajasikia tofauti yoyote. Wakenya waliongeza Kiingereza, watoto wa Bukavu wakaongeza Kifaransa, na chumba kizima kilikuwa soko. Hakuwahi kupiga kelele. Akitaka tunyamaze alikuwa anaanza kukusanya kalamu zake moja moja, kuziweka kwenye boksi, kama anayejiandaa kuondoka, na sisi tunanyamaza mara moja kwa hofu kwamba ataondoka kweli.

Kazi yake ilimwingia mwilini. Alituambia kwamba kila upasuaji una sinia lake, na kila sinia lina orodha yake, na likirudi pungufu koleo moja, basi hapakaliki, kwa sababu kama koleo halipo kwenye sinia, liko wapi? Alikuwa akituuliza swali hilo kwa macho makali, na sisi tunajishika matumbo. Siku ya kwanza mama alipomkaribisha chakula, alichukua kijiko, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku. Mama alisimama na bakuli la mchuzi mkononi. "Kaka," akasema, "nyumba hii ina maji na sabuni." Mwalimu aliona haya mpaka akashindwa kula. Toka siku hiyo alikuwa anakuja na kijiko chake mfukoni, jambo ambalo mama alisema ni tusi kubwa kuliko lile la kwanza, na wakacheka juu ya hilo miaka na miaka.

Alikuwa na vituko vyake. Alitufundisha subira, na yeye mwenyewe hawezi kusubiri lifti hata nusu dakika, anapanda ngazi ghorofa saba akihema. Alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini mwezi wa Ramadhani hakuwa anagusa chai mbele yetu tuliofunga, na akimkuta mtoto Mkristo anatafuna biskuti anamtoa nje akatafunie kwenye ngazi. Alikuwa akivuka mji mzima, kutoka mwisho wa treni hii hadi mwisho wa ile, kwenda Hallunda kununua ndizi za kupika, eti za karibu zimeshakufa moyo. Akirudi na mifuko miwili anatugawia, kisha anatulalamikia sisi watu wa pwani kwamba nazi tunaitia hata mahali ambapo haijaalikwa.

Na kituko kikubwa kuliko vyote: mtu huyu asiyeogopa mtihani wowote duniani alikuwa anaogopa fomu. Barua yoyote ya ofisi ilikuwa ikimtoa jasho. Fomu ya basi ya watoto kwenda matembezini aliitoa nakala tatu, akajaza ya kwanza kwa penseli, ya pili kwa penseli tena, na ya tatu ndiyo kwa wino. Tulikuwa tukimcheka. Tulikuwa watoto, hatukujua tunacheka nini.

Nilijua nikiwa na miaka kumi na sita. Nilimkuta peke yake anapanga viti, nikamuuliza amejuaje majina ya mifupa yote kwa Kilatini. Akaendelea kupanga viti. "Nilisoma udaktari miaka miwili, Kampala," akasema. "Halafu vita." Nikadhani amemaliza. Akakaa, akanisimulia jambo lingine, si la vita. Alisema katika shule yao kulikuwa na kijana mmoja aliyemshinda yeye kwa kila somo, rafiki yake wa kitanda cha jirani. Wakati wa kujaza fomu za chuo, kijana yule aliandika udaktari wa kwanza na ualimu wa sayansi wa pili. Akaukosa udaktari kwa nukta tu. Na walipoangalia ualimu, nafasi zote zilikuwa zimeshachukuliwa na wale walioandika ualimu wa kwanza. Akarudi kijijini mikono mitupu, mtu mwenye akili kuliko wote. "Fomu ilimla," Mwalimu akasema. "Fomu tu. Si mtihani."

Na yeye je, alipofika Sweden hakujaribu tena? Nilimuuliza hilo pia, mimi mdomo wangu hauna breki. Akasema vyeti vyake vilibaki Kampala, na hapa aliambiwa aanze sekondari upya, na wakati huo alikuwa na watu nyuma yake wanaomtegemea. Akainuka kumalizia viti. Hatukulizungumza tena.

Sasa nije kwenye hilo lililonifanya niandike.

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, kuanzia Januari, chumba cha wapangaji kiligeuka bunge. Kila mzazi alikuwa na jibu lake kwa swali moja: mtoto anayetaka udaktari achague shahada gani? Mama mmoja wa Kisumu alikuwa na mdogo wake Amerika, na huko, alisema, huwezi kugusa udaktari kabla ya kumaliza shahada nyingine nzima, kwa hiyo tusipoteze wakati, tuanze na kemia. Baba mmoja wa Bukavu alisema famasi, kwa sababu mfamasia hata akikosa udaktari bado anavaa koti jeupe. Mama yangu akasema uuguzi, halafu akajirudi mwenyewe, akasema hapana, nimeona wauguzi wanavyotoka kazini. Hakuna hata mmoja wao aliyesema ukweli wa hapa, kwamba Sweden unaingia udaktari moja kwa moja kutoka sekondari ukiwa na alama, na kwamba shahada nyingine haikusogezi mbele hata hatua moja.

Mwalimu aliwasikiliza wote. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Chagua ile shahada ambayo wakikuambia hii ndiyo mwisho, hakuna kingine, hutalia." Akanigeukia. Alifikiri biomedisini, yaani sayansi ya mwili na magonjwa bila wagonjwa. Alisema inakaa mlango wa pili na udaktari.

Shuleni nilikuwa na mshauri wa masomo, na ukweli lazima niuseme: huyo mshauri alinieleza sawasawa. Alisema andika kwa mpangilio wa unavyopenda, unachokipenda zaidi juu, kwa sababu ukipata cha juu, vya chini vinafutwa vyenyewe, na kuandika ndoto juu hakukupunguzii kitu chini. Maelekezo ya Kiswidi yalisema hivyo hivyo, na mimi nilisoma. Lakini mshauri huyo huyo, mwaka mmoja nyuma, alikuwa ameniangalia na alama zangu nzuri mkononi akaniuliza kama nimefikiria kazi ya kuhudumia wazee, kwa kuwa mama yangu tayari yuko huko. Tangu siku ile kila alichoniambia kiliingia sikio hili kikatokea lile. Nilimsimulia Mwalimu. Akatikisa kichwa. "Hiyo wanaambia watoto yao," akasema.

Tukakaa wawili mbele ya kompyuta ya chumba cha wapangaji, Jumamosi ya mwisho kabla ya maombi kufungwa. Alikuwa ameandika kwenye karatasi kwanza, kwa penseli, bila shaka. Mstari wa kwanza: biomedisini, Stockholm. Mstari wa pili: udaktari, Umeå, kule kaskazini. Mstari wa tatu: udaktari, Stockholm. Kwa nini hivyo? Alinieleza polepole, kidole kwenye karatasi. Kiti cha kwanza ukishike, kisikuponyoke. Halafu wale wakubwa wanaosoma fomu wataona alama zako, wataona umeandika na udaktari, watasema, huyu mtoto anaweza zaidi, mpandisheni. Alidhani kuna mtu anasoma. Alidhani mahali fulani kuna meza, na nyuma ya meza kuna mtu mzima mwenye miwani, na mtu huyo ataniona.

Nilijua si hivyo. Na nikabonyeza. Siwezi kujieleza vizuri zaidi ya hapa: mtu aliyenipa kano ya kuku mkononi alikuwa amekaa pembeni yangu, na mtu aliyeniambia nikawaogeshe wazee alikuwa ametoa maelekezo mengine. Nikachagua watu wangu.

Majibu hutoka Julai. Kila Julai siku hiyo Mwalimu alikuwa akichukua likizo, anafungua chumba, ananunua soda, anakaa kungoja watoto waje na habari. Watoto walikuwa wanaangalia kwenye simu, wanapiga kelele wakiwa vitandani, na wengi hawaji. Yeye anakaa hivyo hivyo mpaka jioni. Mwaka wangu nilikwenda. Nilimkuta na chupa sita za soda mezani na shati alilopiga pasi.

"Nimepata," nikasema.

"Gani?"

"Ya kwanza."

Akapiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Banange! Na ya pili wamesema nini?"

"Imefutwa."

"Imefutwa? Nani amefuta?"

"Hakuna mtu, Mwalimu. Inajifuta yenyewe. Ukipata ya juu."

Akachukua soda, akaifungua, akanipa, na sikumbuki kama alifungua na yake. "Kale," akasema mwishowe, haya basi. "Utaomba ukiwa ndani."

Nyumbani mama alikuwa anapiga vigelegele, maana kwake biomedisini ilikuwa na neno la tiba ndani na hiyo ilitosha. Mimi nikajifungia bafuni nikatafuta alama za mwisho za kuingilia. Udaktari, Umeå. Alama yao ya mwisho mwaka ule ilikuwa chini ya yangu. Si sawa na yangu. Chini. Ningeingia bila jasho. Nikafungua bomba la maji ili mama asisikie, nikalia mpaka mbavu zikauma.

Na nikaamua kwamba Mwalimu hatajua kamwe. Nilimwona kama mzee ambaye ukimwambia jambo kama hilo utamvunja. Nitamwambia alama zilipanda, nitamwambia bado kuna mwakani. Nilifanya mazoezi ya uongo huo mbele ya kioo. Sikuwahi kuutumia, kwa sababu mwezi wa tisa chumba kilikuwa kimefungwa na Mwalimu alikuwa amehamia Upplands Väsby, nje ya mji. Alimwachia mama ujumbe: mgongo, ngazi, na kuna nyumba ya chini imepatikana huko. Hakuniaga. Basi. Miaka saba ya Jumamosi, na mtu ameondoka kama aliyeshuka kituo chake.

We acha tu. Nilimkasirikia mpaka nikajishangaa, halafu nikamtamani mpaka nikajichukia. Mwaka uliofuata niliandika udaktari juu, nikaukosa, alama zilikuwa zimepanda. Mwaka wa tatu alama zangu zililingana na za mwisho kabisa, na tukiwa tumelingana wengi hapa hupigwa kura, na jina langu halikutoka. Kulikuwa na njia nyingine, mtihani wa taifa wa kuingilia chuo, ambao ukifanya vizuri unapata mlango wako wa pembeni. Nikanunua vitabu vyake. Nikakaa navyo mezani Jumamosi asubuhi, peke yangu, na kila nikikwama kwenye hesabu nilikuwa nainua kichwa kumtafuta mtu wa kumuuliza. Nikavifunga. Nilimaliza biomedisini, nikapata kazi maabara.

Kazi ni nzuri, sitasema uongo. Damu za watu zinanifikia kwenye vichupa vyenye namba, nami naziangalia, najua nani figo zake zimechoka na nani ana mimba kabla mwenyewe hajajua. Lakini sijawahi kumwona hata mmoja. Kuna kichupa kimoja kilikuwa kinakuja kila Jumanne kwa mwaka mzima, na kila wiki hali inazidi kuwa mbaya, halafu Jumanne moja hakikuja. Nilisimama pale na glavu mikononi, nikatamani kujua tu alikuwa mzee au kijana, alikuwa na mtu pembeni au hakuwa. Hakuna wa kumuuliza. Ndiyo shahada niliyoichagua, na wameniambia hii ndiyo mwisho, na mimi nimelia.

Mwaka huu, mwezi wa nne, mama alitoka kazini akanikuta kwangu nakunja nguo. Alikuwa amekutana na Mganda mmoja kwenye zamu. "Mwalimu wako kapasuliwa nyonga," akasema. "Sijui mlikosana nini nyie wawili, sijawahi kuuliza na siulizi. Lakini mtu kapasuliwa. Nenda."

Nikapanda treni ya kwenda uwanja wa ndege wa Arlanda, nikashuka Väsby. Alifungua mlango mwenyewe, ameshikilia kigari cha kutembelea, amekonda, nywele zote nyeupe. Kisha akasema, "Zuhura," na ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile aliniita nnyabo, na jina langu sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Alinikaribisha chai. Alinisimulia upasuaji kwa furaha kabisa: kabla hawajamlaza usingizi alimuuliza daktari kama vyombo vimehesabiwa, na daktari, msichana mdogo, akacheka akamwambia ndiyo, baba, vyote vipo. "Msichana mdogo," akarudia. "Labda umri yako." Akaweka kikombe chini.

"Ungeingia Umeå," akasema.

Uongo wangu wa mbele ya kioo ulikuwa umeshaoza.

"Nilienda maktaba ya Kista, wiki ile ile ya majibu. Nikaomba yule mama wa maktaba anitafutie namba. Akanitafutia. Nikamwambia atafute tena." Alikuwa anaongea akitazama mikono yake. "Mimi nilikula wewe na fomu. Kama walivyokula yule rafiki yangu. Zuhura, naomba unisamehe."

Jamani. Mzee wa umri wa babu yangu, mgonjwa, anaomba msamaha kwa mtoto. Kwetu mtoto hasubiri mzee amalize sentensi kama hiyo. Unaruka, unasema hapana, Mwalimu, usiseme hivyo, si kitu, ni mipango ya Mungu. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini. Na hayakutoka.

"Nina hasira," nikasema. Sauti yangu ilinitisha mwenyewe. "Lakini si ya fomu. Fomu nilisoma maelekezo, nilijua, nikabonyeza mwenyewe kwa kidole changu. Hasira yangu ni kwamba uliondoka. Ulijua wiki ile ile, ukafunga chumba, ukaondoka. Mwaka wa pili nilikuhitaji. Mwaka wa tatu nilikaa na vitabu vya ule mtihani, hakuna wa kunielekeza. Mtu angenielekeza, Mwalimu, ningeingia. Ulikosea mara moja kwenye karatasi, halafu ukaniadhibu kwa kosa lako."

Alikuwa analia, kimya, bila kujipangusa. Na mimi nilikuwa nalia kwa sauti, na kamasi, kama mtoto.

"Nilikuwa na aibu," akasema.

"Najua."

"Nilifikiri nikikaa, kila ukiniona utakumbuka."

"Nilikumbuka hivyo hivyo. Peke yangu."

Nje kulikuwa na watoto wanapiga mpira ukutani. Baadaye akainuka, kwa shida, nikataka kumsaidia akanizuia kwa mkono. Akaenda chumbani, akarudi na leso mbili, moja akanipa. Alivuta pumzi, akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokuwa na uhakika kama bado kinauzwa, maombi ya mwaka huu yanafungwa lini.

"Bado siku nne."

"Umejaza?"

"Sijajaza. Alama zangu hazitoshi tena. Labda kwa mtihani. Na mtihani unaofuata ni wa Oktoba."

"Sehemu gani inakusumbua?"

"Hesabu. Zile za kusoma majedwali na ramani kwa haraka. Muda unaniishia."

Akahesabu kitu kwa vidole juu ya meza. Miezi, nadhani. Kisha akasema majedwali anayaweza, macho tu ndiyo hayaoni vizuri, itabidi nimsomee kwa sauti. Akaniuliza kama Jumamosi huwa niko kazini.

"Jumamosi nina zamu," nikasema. "Nitabadilishana na mtu."